Fungu la Nulu

Namatala, Mbale
9 Machi 1987

Kwa dada yangu Nulu,

Asalaam aleikum. Sisi huku tunapumua, na anayepumua hana haki ya kulalamika, ingawa mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba sina tena miaka ishirini. Mke wangu Nangobi anakusalimu na anasema kile kirago ulichomsukia bado ndicho kitu cha kwanza wageni wanachokisifu ndani ya nyumba yetu. Cha pili hakipo. Mwanetu Magidu anasoma vizuri, ila shule inataka ada kabla ya kumfunza lolote.

Mji unaamka. Duka letu, lile walilolivunja askari waliokuwa wakikimbia mwaka jana, halijapata mlango lakini ukuta umesimama. Watu wa Teso wanaingia kila siku kwa miguu, ng'ombe wao wameporwa wote, wanalala kwenye vibaraza vya maduka. Hapa hakuna aliyebaki na kitu. Kila mtu anaanza upya, na anayechelewa kuanza atakula vumbi la wenzake.

Sasa sikia. Kile kinamasi kikubwa cha hapa Namatala, tulichokuwa tukitupia takataka, watu wamekichimba mitaro, wamekikausha na kupanda mpunga. Nami nimepata kipande. Dada, mpunga unaota kama una deni la kulipa! Mchele wa Mbale sasa unauzwa mpaka Kampala.

Nikakikumbuka kinamasi chetu cha Wanyange. Ni ardhi iliyolala, dada. Ziwa liko pale, maji yako pale, na juu yake yamekaa mafunjo yasiyoliwa hata na mbuzi. Nataka tubadilishane. Wewe chukua kile kipande changu cha juu, chenye mibuni ya baba, ukae pakavu kama watu wazima wengine. Mimi nichukue huo uchafu wa chini. Nani amewahi kukupa biashara nzuri namna hii?

Nijibu upesi. Nangobi anaongeza salamu nyingine, mimi naongeza heshima.

Ndugu yako,
Yakub


Wanyange, Jinja
2 Aprili 1987

Kwa Yakub, mtoto wa mama yangu,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya samaki, maana konda aliyeibeba aliifunika kwenye kapu. Nimeisoma nje, na mwalimu jirani aliponiona akauliza kama nimepata mume jeshini. Siku hizi mtu akisoma Kiswahili, lugha ya askari, hapa watu wanatazama kama kuna bunduki nyuma yake. Nikamwambia hii ni lugha ya marehemu baba yetu, dereva wa lori la polisi, aliyetulea katika nyumba za polisi Mbale, na kwamba nilijifunza kulia kwayo kabla ya kunena Kisoga.

Mimi nina afya. Goti la kushoto linagoma, la kulia linafanya kazi ya yote mawili. Jirani yangu Namukose amejifungua mtoto wa kike, mama na mtoto wazima.

Sasa biashara yako. Yakub, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sheikh alipogawa urithi wa baba, mafungu mawili yako, moja langu kama sheria inavyosema, nani aliyesimama mbele ya watu na kusema, "Dada apewe kule chini kwenye mafunjo, si yeye ndiye msuka mikeka"? Watu wote walicheka. Wewe ulicheka kuliko wote. Mimi nikasema Alhamdulillahi na nikachukua fungu langu. Leo miaka mitatu baadaye uchafu umekuwa mtamu?

Unasema ardhi imelala. Njoo uione ikilala. Kinamasi nimekigawa sehemu nne kama alivyofanya baba. Kila msimu tunakata sehemu moja, tunakata juu ya maji na hatung'oi mzizi. Tatu zinapumzika. Humo natoa virago, wengine wanaezeka nyumba. Kambare anazaa humo wakati wa mvua, na wakati huo hakuna anayetega. Maji machafu ya mlimani yanaingia upande mmoja, na upande wa pili, pale kisimani, yanatoka unaweza kuyanywa. Kazi hiyo nani anaifanya? Mimi sijawahi kuchuja hata kikombe.

Na mwaka jana, Januari, askari wale wale waliovunja duka lako walipita hapa kwanza. Watu wa kijiji hiki walikaa ndani ya mafunjo mpaka walipopita, watoto midomo imezibwa kwa khanga. Mpunga unafika kiunoni, Yakub. Mtu hajifichi katika mpunga.

Kwa hiyo jibu ni hapana, na usilisome mara mbili ukitafuta ndiyo ndani yake.

Lakini nina swali. Wiki iliyopita nimesikia shoka kule juu. Nikapanda na goti langu, nikakuta watu nisiowajua wanakata mibuni ya baba. Mmoja alikuwa na kamba, anapima kuelekea chini, kwangu. Nikamuuliza ametumwa na nani, akasema na mwenye shamba. Nami nilidhani mwenye shamba ni wewe. Ni nani huyo?

Dada yako asiyehama,
Nulu


Namatala, Mbale
24 Mei 1987

Dada Nulu,

Ramadhani karimu. Midomo imekauka, na barua yangu itakuwa fupi kwa sababu ya saumu. Nangobi ana kikohozi. Magidu amerudishwa nyumbani na shule, anashinda akitazama dari.

Umesikia mambo ya pesa. Serikali imebadilisha noti, sifuri mbili zimekatwa, na kwa kila mia waliyotupokea wamebaki na thelathini. Kidogo nilichokuwa nimeweka kimekuwa kidogo zaidi. Wewe unaniandikia habari za kambare wanaozaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nimefikiri sana juu ya hesabu yako. Ni nzuri, ila ina tundu. Kisima kinanywewa na Wanyange nzima. Samaki anayezaliwa kwako anavuliwa na mwingine ziwani. Nyumba zinaezekwa kwa mafunjo yako. Haya, wanakulipa nini? Siku ya mfuko kuisha, nani kati yao atakuja kukubishia hodi na unga? Wewe ni mlinzi usiye na mshahara, dada. Mpunga ungekulipa wewe, mkononi mwako, mara mbili kwa mwaka. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mali na sadaka.

Kuhusu wale watu wa juu, usigombane nao. Ni watu wazuri. Anaweza kuja bwana mmoja anayeitwa Gidudu, ana mashine ya kukoboa mchele hapa Mbale. Mpokee vizuri, mpe kiti.

Idi njema ikifika.
Yakub


Wanyange, Jinja
20 Juni 1987

Yakub,

Salamu utazipata kwa Nangobi, nimemtumia majani ya kikohozi kwa konda huyu huyu. Wewe leo nakuandikia bila salamu, na Mungu anisamehe.

Huyo bwana uliyeniambia nimpe kiti hakuja kukaa. Ametuma vijana wenye majembe na askari mmoja mwenye bunduki anayeitwa Afande Otim, mtu wa kaskazini, mrefu kama mlingoti. Wamechimba mtaro kutoka ukingo wa shamba la juu, wamepasua mafunjo katikati, pale pale kwenye sehemu iliyokuwa inapumzika, mpaka ziwani. Kinamasi kikaanza kujimwaga ziwani kama mtungi uliotoboka. Kisima hakikumaliza wiki. Maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na kitoto cha Namukose kikaanza kuhara. Hakijafa. Nakuambia hakijafa ili uendelee kusoma.

Jumatatu asubuhi nikachukua jembe na kikapu nikaenda kufukia. Peke yangu, na goti moja. Sijamwita mtu. Nilipoinua kichwa, Namukose alikuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni. Kisha wakaja wanawake wote wa kisimani, mmoja mmoja, kila mtu na beseni lake la udongo. Vijana wa majembe wakarudi nyuma kumtazama askari.

Akaja mpaka pale niliposimama.

"Wewe mama, nani alikuambia wewe fukia hii mtaro?"

"Na wewe afande, nani alikuambia chimba?"

"Mimi natumwa tu."

"Unakunywa maji ya wapi tangu ulipokuja hapa?"

"Ya hii kisima."

Namukose akamwekea dumu mbele yake. Akainua kifuniko, akachungulia, akanusa.

"Lakini hii maji ni mbaya," akasema.

"Ndiyo, afande. Ni kazi yenu hiyo."

Kisha akaenda akakaa ukingoni, akaweka bunduki mapajani, akawaambia wale vijana, "Mimi nililetwa kulinda watu ya kuchimba. Watu ya kufukia, hiyo sikuambiwa." Akafunga macho. Tukafukia mpaka adhuhuri.

Uliniuliza hawa watu wananilipa nini. Sasa umejua. Wewe unahesabu kinachoingia mfukoni mwa Gidudu. Kinachotoka umekiacha mlangoni kwangu, kwenye nguo za mtoto wa Namukose.

Sasa nijibu swali la Aprili. Mibuni ya baba ni ya nani? Umeniomba nibadilishane nawe kipande cha juu. Kipo?

Nulu


Namatala, Mbale
11 Julai 1987

Nulu,

Unataka kuniua. Gidudu amekuja hapa nyumbani mara mbili akipiga kelele mbele ya majirani, wanawake wamefukia kazi ya wiki mbili na mlinzi wake amelala. Anasema nimemtapeli.

Ndiyo, kipande cha juu nilimuuzia mwaka jana, baada ya duka. Ulitaka tule nini? Mawe? Alinipa mtaji, na kile kipande cha mpunga hapa Namatala kilikuwa chake, akanipa kiwe sehemu ya malipo. Alitaka na cha chini, kwa sababu cha juu bila maji hakina maana kwake. Nikatia sahihi kwa vyote viwili. Nilijua utakubali kubadilishana, kisha ningekutafutia pakavu pengine, na hakuna ambaye angejua chochote.

Usinihukumu. Wewe ulijificha ndani ya majani yako, mimi nilisimama dukani nikatazama wakibeba hata mizani. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii. Baba hayupo. Neno langu limeshatoka na haliwezi kurudi kwa sababu ya mwanamke na beseni la udongo. Nikilazimika nitakuja na masheikh tugawe urithi upya.

Yakub


Wanyange, Jinja
15 Agosti 1987

Kwa Yakub Isabirye, kaka yangu bado,

Asalaam aleikum. Idi ya kuchinja imepita. Nilipata nyama kutoka nyumba tatu, nikaikausha, kipande ni chako ukija. Kitoto cha Namukose kinacheka, kina meno mawili. Kisima kimeanza kuonekana chini tena.

Konda ananiambia mvua za mwishoni mwa Juni zilipoanguka huko mlimani, maji yaliingia nyumba za Namatala mpaka juu ya vitanda. Ananiambia wazee wanasema haikuwa hivyo zamani, kinamasi kilipokuwepo kuyameza. Katika barua yako hakuna hata tone. Nangobi amelala wapi? Magidu yuko salama? Ulinificha shamba, sawa, ni tabia. Lakini mafuriko, Yakub? Mimi ni dada yako au ni mnunuzi?

Sasa keti.

Uliniandikia kwamba utaleta masheikh. Nimekupunguzia nauli. Nilikwenda mwenyewe kwa sheikh yule yule aliyegawa, na jana baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya watu na mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji, na muhuri wake, nimeliweka fungu langu wakfu. Unajua maana yake, tulisoma madrasa moja. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakipewi mtu zawadi. Mwenyewe ni Mungu, faida ni ya viumbe.

Sheikh alisita kidogo. Akasema, "Hajati, watu huweka wakfu msikiti, au nyumba, au kisima. Wewe unataka kuweka wakfu matope?" Nikamwambia, "Sheikh, huyo ni mama yake kisima. Mkimzika mama, mtoto atanyonya wapi?" Akaandika.

Masharti ni haya, na watu wote waliyasikia. Kuteka maji, kila mtu, Mwislamu na asiye Mwislamu. Kukata, sehemu moja kwa msimu, juu ya maji. Kutega samaki, si wakati wa kuzaa. Mtaro, marufuku mpaka Kiyama. Na kila anayekata mizigo kumi atatoa mmoja, uuzwe kwa ada za watoto wanaorudishwa nyumbani na shule. Nilimfikiria mmoja anayetazama dari.

Gidudu alikuwepo, amesimama nje ya ua na viatu vyake. Mwenyekiti alimwambia cha juu amenunua kwa haki, akae, alime, tutakuwa majirani. Cha chini alinunua kwa mtu asiye nacho, amdai huyo mtu. Nisamehe. Sikuwa na namna ya kukukinga na hilo, na sitakudanganya kwamba niliitafuta sana.

Lakini wakfu unataka msimamizi. Sheikh aliuliza ni nani. Watu walingoja niseme jina langu. Nikasema Yakub Isabirye.

Walinung'unika, Yakub. Namukose alinivuta nguo. Walinisindikiza njiani wakiniambia nimempa fisi bucha. Huenda. Sina mtoto, goti langu linakwisha, na nikifa lazima awepo mtu wa damu ya baba wa kusimama pale na kusema hapana. Uliniandikia kwamba wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Nimekusikia. Basi kuwa.

Kuanzia jana sahihi yangu haina kazi kwenye ardhi ile. Yako ndiyo yenye kazi. Najua nimefanya nini. Naogopa, na sijutii.

Nulu


Namatala, Mbale
21 Novemba 1987

Dada Nulu,

Asalaam aleikum, ikiwa mko hai. Nasikia mapigano ya waasi na jeshi la serikali yalifika mpaka Magamaga, hapo hapo juu yenu, na redio haisemi kitu kwa watu wenye dada. Nangobi aliniambia, "Wamo kwenye mafunjo, lala." Nikajaribu kulala. Tafadhali tumeni mtu hata na neno moja.

Barua yako niliipata mwanzoni mwa Septemba. Sikujibu, mwanzo kwa hasira, baadaye kwa aibu. Halafu vita vikapita huku Tororo na njia ikafungwa, nikajificha nyuma ya vita. Ni kweli, maji yalilala kitandani petu. Tulimbeba Nangobi na kikohozi chake juu ya meza. Choo cha jirani kilielea kikapita mlangoni kama kinakwenda sokoni. Sikukuandikia kwa sababu mtaro mmojawapo ulioleta yale maji niliuchimba kwa mikono yangu na niliusifu kwako.

Jumapili iliyopita Gidudu alikuja. Safari hii hakupiga kelele. Alileta soda, akaleta kalamu.

"Dada yako amekurahisishia," akasema. "Zamani nilihitaji sahihi yake. Sasa wewe ndiye msimamizi, na ofisini hawaulizi wakfu, wanauliza sahihi. Tia hapa, deni limekwisha, na mtoto arudi shule kesho."

Siwezi kukudanganya, dada. Kalamu niliishika. Nilitazama karatasi muda mrefu na nikaona Magidu ananitazama mimi badala ya dari. Nangobi alikuwa anakwangua tope la ukutani kwa kisu. Akasema bila kugeuka, "Ukitia sahihi, hiyo pesa usilete hapa ndani. Ndani hapa sijamaliza kutoa matope ya ile nyingine."

Nikaweka kalamu mezani. Nikamwambia Gidudu, "Siuzi."

"Kwa nini?"

"Si yangu."

Akacheka. "Hata ile siku haikuwa yako, na uliuza!"

"Ndiyo maana leo siuzi."

Akanipiga kofi, dada. Mbele ya mke wangu na mtoto wangu na majirani waliokuwa wamejaa mlangoni. Sikumrudishia. Nilisimama tu. Akaondoka na soda zake.

Kesho yake alikuja na watu wa RC wa hapa, na kwa haki kabisa akachukua shamba la Namatala kufidia alichonilipa. Mpunga ulikuwa umeshainama kwa kubeba. Nilisimama ukingoni nikautazama mpaka mkulima wake mpya akaniomba nisogee. Nililia, na sioni haya kukuandikia. Sasa sina duka, sina mibuni, sina mpunga. Hapa Mbale sina hata mahali pa kumzika kuku.

Njia ikitulia nakuja Wanyange na Nangobi na Magidu. Sijui kukata mafunjo na sijui kutofautisha sehemu inayopumzika na isiyopumzika. Itabidi unifundishe kama mtoto, na uwe mkali. Lakini wewe na Namukose na hao wote walionung'unika Ijumaa ile, waambieni hivi kutoka kwangu: aje Gidudu, aje afande, aje waziri na gari lake na kalamu ya dhahabu. Watanikuta nimesimama.

Yakub Isabirye
Msimamizi